Simu ya Vitufe au Simu ya Kioo? Tutazame Kwanza Vidole vya Atakayeitumia

Miongoni mwa mashauri yanayozikutanisha familia zetu sebuleni siku hizi ni shauri la simu. Kijana amemaliza kidato cha nne, baba anafungua duka, au mama mzazi aliyeko kijijini simu yake imekufa na watoto walioko mjini wanachangishana wamnunulie nyingine. Dukani muuzaji atawaeleza ukubwa wa kioo, ubora wa kamera, nafasi ya kuhifadhia picha na muda wa chaji. Yote hayo yana umuhimu wake. Lakini lipo swali ambalo kwa nadra huulizwa, si na muuzaji wala na mnunuzi: huyu anayenunuliwa simu ataiandikia vipi?

Swali hilo si dogo. Ukiacha kupokea na kusikiliza, karibu kila tunachokifanya kwa simu hupitia kwenye ncha za vidole. Namba ya ndugu hupigwa kwa vidole. Kiasi cha fedha cha kutumwa huandikwa kwa vidole, na namba ya siri inayozilinda fedha hizo huingizwa kwa vidole vilevile. Salamu ya Idi, taarifa ya msiba na ombi la kusamehewa deni, vyote huandikwa. Simu isiyoandikika na mwenye nayo humfanya mtu mzima aombe msaada kwa jambo lililo siri yake.

Katika makala hii tumekusudia kuzilinganisha njia mbili za kuandika: vitufe vya kubonyeza, ambavyo kidole huvihisi, na herufi zinazochorwa juu ya kioo. Kila njia ina fadhila zake na kasoro zake, na familia yenye watu wa rika mbalimbali yaweza kuzihitaji zote mbili.

Safari kutoka kitufe hadi kioo

Mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ni mkongwe kuliko simu za mkononi. Unanasibishwa na Mmarekani Christopher Latham Sholes, ambaye taipureta yake ilianza kuuzwa mwaka 1874. Simu za mkononi zilipoenea hazikuwa na nafasi ya vitufe 26 vya herufi. Herufi zikapangwa juu ya vitufe vya namba, tatu tatu na nne nne. Kwa mpangilio huo, kuandika neno "assalamu" lenye herufi nane huhitaji kubonyeza mara 17, kwani herufi S peke yake hubonyezwa mara nne, na zinapofuatana S mbili ni lazima kusubiri kidogo kati yake. Taabu hiyo, pamoja na ukomo wa herufi 160 kwa ujumbe mmoja, ilichangia sana tabia ya kuyakata maneno, hata salamu yetu tukufu ikabakizwa herufi mbili au tatu.

Mwaka 1999 kampuni ya Research In Motion ya Kanada ilitoa chombo chake cha kwanza chenye jina la BlackBerry, kikiwa na vitufe vidogo vya herufi zote, vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Wengine walifuata. Wasomaji wetu wengi wataikumbuka Nokia E71 ya mwaka 2008. Hata simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka huohuo, ilikuwa na vitufe vya kuchomoza ubavuni, na ilipotoka haikuwa na kibodi ya kwenye kioo kabisa. Kibodi hiyo ilikuja mwaka uliofuata kwa njia ya maboresho ya mfumo.

Upepo uligeuka Januari 2007, pale Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoitambulisha iPhone. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: vitufe vya plastiki hukaa palepale hata pale visipohitajika, na kampuni haiwezi kuvibadili baada ya simu kuuzwa, ilhali kioo hubadilika kufuatana na kazi iliyopo. Hoja hiyo ilishinda soko. BlackBerry yenyewe ilihamia Android, simu ya KEY2 yenye vitufe ikatoka mwaka 2018, na tarehe 4 Januari 2022 huduma za mfumo wake wa zamani zikafungwa. Leo anayetaka simu janja yenye vitufe kamili vya herufi hubakiwa na watengenezaji wachache, kama Unihertz ya China, na mara nyingi hulazimika kuagiza kutoka nje.

Kwa hiyo, kwa familia inayoingia dukani Kariakoo, Darajani au Marikiti, chaguo halisi ni kati ya kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe vya namba ambayo vijana huiita kiswaswadu, na simu janja ya kioo.

Fadhila za kitufe

Fadhila ya kwanza ya kitufe ni kwamba kinajulikana kwa kugusa. Ukipapasa kitufe cha namba 5 katika simu nyingi za vitufe utakuta kinundu au kistari kidogo. Alama hiyo humwongoza mtumiaji bila ya kutazama: akishaipata 5, anajua 2 iko juu yake na 8 iko chini yake. Kwa asiyeona, kwa mwenye mtoto wa jicho, au kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu, kinundu hicho ni mlango wa kujitegemea.

Pili, kitufe hakijali kidole kiko katika hali gani. Kioo cha simu janja hutambua mguso kwa kuhisi mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi. Ndiyo maana matone ya maji hukichanganya, na glovu za kawaida hukizuia kabisa. Dada zetu wanaovaa niqabu pamoja na glovu wanalifahamu hilo vizuri. Ama watafute glovu zenye nyuzi maalumu kwenye ncha za vidole, ama wazivue kila wanapotaka kujibu ujumbe. Mama aliye jikoni mwenye mikono mibichi, mvuvi, na mkulima mwenye ngozi ngumu ya vidole, hawa nao hujikuta wakigusa mara mbili tatu pasipo kuitikiwa.

Tatu ni miamala ya fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hadi leo huduma za namna hiyo hufanya kazi kwa menyu ya namba kama *150*00#, isiyohitaji intaneti. Menyu hiyo ilizaliwa katika zama za vitufe na kwenye vitufe ndiko inakotulia. Katika simu janja, kisanduku hutokea, inabidi ukiguse, kibodi ipande, na mara nyingi hupanda ya herufi badala ya namba. Mtumiaji lazima ajue kwamba kuna alama pembeni ya kubadilisha herufi kuwa namba. Akichelewa kuitafuta, menyu hujifunga na safari huanza upya. Kijana hulifanya hilo bila ya kufikiri, lakini kwa mzee ni ukuta.

Ongeza juu ya hayo chaji inayodumu kwa siku kadhaa, na tochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyokuwa na tochi na vitufe visivyoingiza vumbi kirahisi, iliuzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani.

Kasoro zake pia tuzitaje kwa uadilifu. Kitochi cha kawaida hakimpi mtu msahafu wa kusoma, wala picha ya mjukuu aliyezaliwa Muscat. Ujumbe wa herufi za Kiarabu kwa njia ya SMS hubeba herufi 70 tu badala ya 160, hivyo maneno machache hugeuka jumbe mbili na gharama ya jumbe mbili. Zipo simu za vitufe zenye intaneti zinazotumia mfumo uitwao KaiOS, lakini mnunuzi atahadhari: mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la mfumo huo. Alama ya WhatsApp iliyochorwa kwenye boksi la simu ya namna hiyo haimhakikishii mtu huduma.

Fadhila za kioo

Fadhila kubwa ya kioo ni ile aliyoitaja Jobs: hubadilika. Kwa Muislamu jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa kugusa alama moja, herufi za Kilatini hutoweka na za Kiarabu hushika nafasi yake. Ustadhi wa madrasa anaweza kuandika somo la Kiswahili na kuweka dua kwa herufi zake halisi katika ukurasa uleule. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati ya Kilatini kushika hatamu, na anayetaka kuiendeleza hati hiyo atakuta kibodi ya Kiajemi ina herufi za P, CH na G ambazo Kiarabu hakina. Vitochi vingi haviwezi kulifanya hilo kwa wepesi huo.

Kioo pia huweza kufundishwa. Wengi hulalamika kwamba simu "inawaharibia Kiswahili," kwa maana kila neno wanaloandika hugeuzwa la Kiingereza. Tatizo hapo ni mpangilio, na tiba yake ni ya dakika moja. Katika kibodi ya Gboard, inayokuja na simu nyingi za Android, mtumiaji huingia kwenye mipangilio ya lugha na kuongeza Kiswahili. Humo humo mna kamusi binafsi, ambamo unaweza kuweka kifupi na kirefu chake. Andika humo kwamba "saw" ni "Swalla Allahu alayhi wa sallam," na kila utakapoandika herufi hizo tatu kibodi itakuletea ibara kamili ya kuchagua. Adabu ya kumswalia Mtume kikamilifu, ambayo vitufe vya namba vilitufanya tuikate, kioo kimeturudishia bila ya taabu.

Tena, asiyeweza kuandika anaweza kusema. Tangu mwaka 2017 Google imeweka Kiswahili miongoni mwa lugha zinazoandikwa kwa sauti. Kwa wasioona, simu za Android zina TalkBack inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa, na mwaka 2020 iliongezewa kibodi ya Braille ya vitufe sita juu ya kioo. Kwa hiyo si sahihi kusema kioo kimemfungia mlango asiyeona. Hata hivyo, mlango huo unahitaji mafunzo na subira, wakati kinundu cha namba 5 hakihitaji mwalimu.

Kuhusu kasi, utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu zaidi ya 37,000 waliojitolea ulionyesha kwamba kwa simu ya kioo mtu huandika kwa wastani maneno 36 kwa dakika, na kwa kibodi ya kompyuta takriban 52. Vijana walio chini ya miaka 20 waliwazidi watu wa rika la wazazi wao kwa takriban maneno 10 kwa dakika. Mzazi anayemlaumu mtoto kwa haraka, na mtoto anayemlaumu mzazi kwa uzito, wote wawili wazingatie hilo.

Ziko hatari mbili za kioo zinazotuhusu kama watu wa amana. Ya kwanza ni kibodi za kupakua. Vijana wetu hupenda kuweka kibodi zenye maua, rangi na picha. Ifahamike kwamba kibodi ni programu, na programu hiyo huona kila herufi inayopita ndani yake, yakiwemo maneno ya siri. Android yenyewe hutoa onyo hilo mtu anapotaka kuwasha kibodi mpya, ila wengi hugusa "sawa" bila ya kusoma. Ya pili ni wepesi wa kusambaza. Aliyebonyeza mara 17 kuandika neno moja alikuwa na muda wa kujiuliza kama analolisema ni kweli. Leo uvumi hupelekwa kwa makundi kadhaa kwa miguso michache. Qur'an Tukufu, katika Suratul Hujuraat, imetuamuru tuzihakikishe habari, na katika Surat Yaasin imetukumbusha kwamba Siku ya Kiyama mikono itasema. Kidole kinachogusa kioo ni sehemu ya mkono huo.

Namba ya siri ya mama

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma zaidi kuandika makala hii. Watoto wenye nia njema humnunulia mama yao mzazi simu janja nzuri, ya bei, kwa kuona kwamba kitochi ni unyonge. Mama anashukuru na kuwaombea dua. Lakini vidole vyake vilivyozoea vitufe kwa miaka kumi na mitano haviielewi. Anagusa kidogo, haitikii. Anakandamiza, inafunguka programu nyingine. Wiki ya pili anaanza kumwita mjukuu ampigie simu. Wiki ya tatu mjukuu ndiye anayemtolea fedha. Kabla mwezi haujaisha namba ya siri ya bibi inajulikana na mjukuu, jirani na kijana wa dukani kwa wakala.

Hapo ndipo fitina huingia nyumbani. Salio likipungua, nani aulizwe? Mjukuu huenda hana kosa, lakini tuhuma imeshapata pa kukaa. Na mama, ambaye mwaka jana alikuwa akihesabu fedha zake mwenyewe, akitoa sadaka yake kwa siri na kumtumia dada yake bila ya kumwambia mtu, sasa sitara yake iko mikononi mwa wengine. Zawadi iliyokusudiwa kumpandisha imempunguzia uhuru.

Liko jingine zito zaidi. Wakati wa kumfundisha, kijana huchoka. Humnyang'anya simu mkononi na kusema, "Lete hapa, nimeshakuonyesha mara ngapi?" Tunajua Suratul Israai imekataza hata neno dogo kabisa la kuwaonyesha wazazi wawili kwamba tumechoshwa nao. Simu ya zawadi isiwe sababu ya kuivunja amri hiyo.

Hatusemi kwamba wazee hawawezi simu janja. Wapo bibi wanaoendesha makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima kwa ustadi. Tunasema waulizwe. Kushauriana ni sunna, na anayestahiki zaidi kushauriwa juu ya simu ni yule atakayeishika.

Kila mmoja na kinachomfaa

Kwa mzee aliyezoea vitufe na anayetumia simu kwa kupiga na kutuma fedha, mnunulieni kitochi bora chenye namba kubwa na sauti kubwa. Akitamani kuwaona wajukuu, muongezeeni simu janja kama chombo cha pili, na laini yenye fedha zake ibaki kwenye kitochi. Kitochi kipya huwa nafuu kuliko kubadilisha kioo kilichovunjika cha simu nyingi za kisasa.

Kwa mfanyabiashara anayepokea oda na kutuma picha za bidhaa, kioo hakina mbadala. Wengi wao hubeba simu mbili, na hilo si israfu pale kila moja ina kazi yake. Israfu ni kununua ya gharama kubwa kwa ajili ya macho ya watu.

Kwa mwanafunzi wa chuo, ustadhi na mwandishi anayeandika kurasa nyingi, hakuna haja ya kuagiza simu ya vitufe kutoka nje. Simu janja nyingi hukubali kibodi ya nje, ama ya Bluetooth, ama ile ya kawaida ya kompyuta kwa kutumia kiunganishi kidogo cha OTG. Ukiisimamisha simu mezani na kuweka kibodi mbele yake, unapata fadhila zote mbili kwa gharama ndogo.

Kwa mtoto mdogo anayetakiwa apatikane akiwa shuleni au madrasa, kitochi kinatosha. Huko kuandika kwa taabu tulikokulalamikia, kwake yeye ni kinga.

Mtihani wa dukani

Mwisho, tunapendekeza mtihani mfupi kabla ya kulipa. Aende dukani mwenyewe atakayeitumia, asiende mwakilishi. Aandike salamu kamili, jina lake na namba ya simu ya tarakimu kumi, mara tatu, bila ya kusaidiwa. Akikosea kila mara, tatizo liko kwenye simu hiyo. Ikiwa ni ya vitufe, akipapase kinundu cha 5 huku amefumba macho. Ikiwa ni ya kioo, muuzaji aombwe kukuza maandishi, kuongeza urefu wa kibodi na kuwasha mtetemo wa kila mguso, kisha mtihani urudiwe. Apige pia menyu ya fedha na aone kama anaweza kuifikia namba bila ya kupotea.

Kisha, kwa walioko Tanzania, bonyezeni *#06# ili kuona IMEI, namba ya tarakimu 15 ya utambulisho wa simu, na muitume kwa ujumbe kwenda 15090. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) itawajulisha kama simu ni halali. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na aliyeuziwa bandia hupoteza fedha yake hata kama vitufe vyake ni vizuri namna gani.

Na mkimnunulia mzazi, tengeni siku tatu au nne za kumfundisha kwa upole, saa moja kila siku, simu ikiwa mkononi mwake na si mkononi mwenu. Namba ya siri aiweke yeye, nanyi mgeuze nyuso pembeni anapoiandika.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie kuzitumia neema hizi katika kheri, na atuwezeshe kuwatendea wema wazazi wetu kama walivyotulea. Wallahu a'lam.